Bei Aliyoitaja Mbuni

Si zamani sana, Mbuni mwenye majivuno alikuwa akiuza gari lake la mbio kwa milioni thelathini. Kila mnunuzi alishtuka akaondoka. "Hawajui magari hao," alisema Mbuni.

Mwezi wa tatu bila kupata mnunuzi, akasikia kuwa Bi Kanga, mjane mpole, anauza gari kama lilelile lake, la mwaka uleule, hata ekzosi ni ya aina ileile. Alikimbilia huko ili alinunue aliuze kwa faida.

"Milioni kumi na mbili," alisema Bi Kanga.

Mbuni aliruka. "Kumi na mbili! Mama, gari hili limechoshwa na mashindano. Ekzosi si ya kiwandani, rangi imepigwa upya, vipuri havipatikani. Nane, tena nakuhurumia!"

"Nimekusikia, Bwana Mbuni. Na lile lako lililochoshwa na mashindano, lenye ekzosi isiyo ya kiwandani, unaliuzaje?"

Bei ya gari lake, milioni nane, Mbuni alikuwa ameitaja mwenyewe, kwa sauti, hata majirani wameisikia.

Alirudi nyumbani, akafuta thelathini kwenye tangazo la gari lake, akaandika nane. Alasiri hiyohiyo Ngiri akalinunua, naye Mbuni akasimama barabarani akiusikiliza mlio wa gari mpaka ukapotea.