Macho ya Futi

Nyoka wa binti yangu alipomaliza wiki ya tano bila kula, nilijikaza nikamtazama usoni kwa mara ya kwanza. Macho yake yalikuwa meupe kama maziwa.

"Hiyo ni ngozi kuukuu imemgandia, mama," binti yangu akasema kwenye simu niliyoilaza kando ya cherehani. "Siku zote hizo hukuona?"

Ningeona wapi? Kitinda mimba wangu huyo alipokwenda chuoni aliniachia huyu nyoka mchanga, mwembamba kama futi ninayopimia wateja viuno, hata akamwita Futi. Na mimi, ninayekimbia hata mjusi, nilikuwa nikimsogezea panya kwa kibanio huku nimefumba macho. Kumbe tulikuwa vipofu wawili.

"Usimvute, mama. Atachubuka."

"Nimefumua nguo za watu miaka thelathini, leo unifundishe kuvuta?"

Nikalowesha kipande cha flana kwa maji ya vuguvugu, nikamzungushia kiganjani. Nikasubiri.

Taratibu akaanza kupenya mwenyewe katikati ya vidole vyangu, na ngozi ikabaki nyuma kwenye flana, imepinduka kama soksi. Upande wa kichwani kulikuwa na viduara viwili angavu vilivyokuwa vimemfunika macho, vidogo kuliko kifungo cha shati la kichanga.

"Mama? Imetoka? Mpe panya basi!"

"Ngoja kwanza," nikanong'ona. "Ananitazama."