Milima ya Karatasi

Mvua ya tatu ilinyesha juu ya milima saa nne asubuhi, kutoka kwenye kopo la maziwa lililotobolewa kwa msumari.

"Sogeza cherehani, mama, italowa," binti akasema.

Mama yake, fundi wa kushona, hakusikia. Alikuwa amemwaga droo zote barazani, anazipekua kwa mara ya nne. Jumatatu walitakiwa mahakamani na wosia wa marehemu mama yake, uliompa nyumba hii yeye aliyemuuguza. Bila wosia, kaka zake wawili wakubwa wangeiuza, naye atoke na mtoto na cherehani. Ilikuwa karatasi moja ngumu, na chini yake alama ya gumba la mama kwa wino wa zambarau, kovu la kisu likipita katikati. Ukiwa na karatasi kama hiyo, mama mwenzangu, toa kopi mapema. Huyu alisema kesho, kesho.

Ilipotea Alhamisi. Siku hiyo alisimama mlangoni akapekua kila aliyetoka. Mdogo wake wa mwisho alifungua mfuko mwenyewe, akicheka. "Pekua, dada. Ulinibeba mgongoni, leo utanionea haya?" Katika ndugu wote, ni yeye tu aliyesema hataki hata tofali moja. Ni yeye pia aliyemnong'oneza kwamba mpangaji wa chumba cha nyuma si wa kuaminiwa. Mpangaji aliapa, akalia. Godoro lake lilipasuliwa, likatoka pamba tupu, na bado alifukuzwa.

Sasa mdogo mtu yumo chumbani anainua vitanda, jasho linamtoka kuliko mwenye nyumba.

Binti alikuwa akirudia maelezo yake ya maonyesho ya shule. Milima hii ni mikongwe sana, alisema. Zamani ilikuwa mirefu, yenye ncha kali. Mvua, upepo na mito vimeila kidogo kidogo, ndiyo maana leo vilele vyake ni butu na mabonde yake ni mapana.

Fundi akatabasamu bila kupenda. Mjomba, huyu huyu aliye chumbani, ndiye aliyemsaidia mtoto kuiunda juzi, kwa magazeti yaliyolowekwa kwenye uji wa ngano. Aliipaka milima rangi ya mafuta mara mbili, akamkanya Profesa wake, ndivyo anavyomwita mtoto, asije akaimwagia maji. Aeleze kwa mdomo tu. Lakini mwalimu alitaka mmomonyoko uonekane kwa macho. Mtoto akakwangua rangi kwa kijiko.

"Tazama, mama. Juu panalika, vya ndani vinatokea. Mjomba alisema milima ya zamani lazima iwe na mwamba katikati. Aliuweka mwenyewe, aliponituma unga."

Akainua kopo tena. Maji yakachimba bonde, kilele kikalegea, magazeti yakateremka kama tope hadi kwenye miguu ya cherehani. Kilichobaki kilikuwa kigumu, cheupe, kimekunjwa mara nne. Pembe yake moja ikafunguka taratibu.

Gumba la zambarau. Kovu katikati.

"Dada," mdogo wake akaita kutoka chumbani, akihema, "huku nako hakuna."