Gogo Chini ya Gurudumu

Abiria waliketi barabarani mbele ya basi, wakaapa kwamba nauli isiporudi ilipokuwa, gari haliondoki. Walikaa pabaya. Pale stendi barabara inateremka, breki ya mkono ilikufa zamani, na kilicholishikilia basi ni gogo tu chini ya gurudumu la mbele.

"Toa gogo," dereva alimwambia Sudi, kondakta wake, kupitia dirishani. "Wakiona gari linasogea, watatawanyika wenyewe."

"Na lisiposimama je, Mzee Kombo?"

"Nina breki ya mguu. Toa, au kesho usije."

Sudi aliinama mbele ya gurudumu. Karibu yake, mama mmoja muuza samaki alikuwa amekalia ndoo yake, akimenya chungwa.

"Mama, sogeeni pembeni," Sudi alinong'ona. "Gari halina breki."

Mama akaangua kicheko, akawageukia wenzake. "Jamani, leo ndiyo halina breki! Jana mlipotujaza mpaka mlangoni, lilikuwa nazo?"

Wakapiga makofi. Hakuna aliyenyanyuka.

Sudi akaokota jiwe, akaligonga gogo. Dereva alisikia kishindo, akatabasamu, akashika usukani. Kishindo cha pili. Cha tatu. Basi halikusogea. Gogo lilikuwa limezama ndani zaidi chini ya tairi.

Sudi akalitupa jiwe, akaketi palepale, mgongo kwenye tairi. Mama aliacha kucheka. Akamtazama, akalitazama gogo, kisha akamnyooshea nusu ya chungwa.

Juu yao, injini ikawaka.