Fahali wa Milimita Kumi na Sita

Kiunga alilala kifudifudi kwenye tope la boma, kamera chini ya kidevu cha fahali, akasema, "Mwambie atabasamu."

"Piga, wewe jamaa! Akikukanyaga nitamwambia nini mke wako?" Mwongera alikuwa ameshika kamba ya fahali, lakini macho yake yalikuwa kule nyuma, kwa Basari.

Huyo Basari ndiye aliyekuwa shida yote. Ng'ombe mweusi wa madoa meupe, kiwele kama gunia la viazi, lita ishirini na nane kwa siku. Mama yake Mwongera alimpa jina hilo la msaada wa karo kwa sababu ndiye aliyesomesha wasichana wawili wa nyumba hiyo, na wa tatu bado alikuwa kidato cha pili. Fahali hakuwa na jina. Mbavu zake ungezihesabu ukiwa barabarani, na hesabu usikosee.

Ng'ombe walikuwa hao wawili tu. Na mmoja wao alitakiwa kushuka Embu.

Mbuzi na asali vilishakwenda. Alibaki ng'ombe mmoja wa mahari ya Ruguru, mchumba wake Mwongera, na baba yake Ruguru, Mzee Njura, hakutaka kupanda Timau kumtazama. "Kifua changu na baridi yenu hawasalimiani," alisema siku ile wazee wa pande zote mbili walipokaa. "Nipigieni picha moja ya boma, wanyama wote ndani, msikate. Nitakayemchagua ndiye huyo." Wazee wakaitikia, neno likafungwa.

"Ukimtoa Basari," mama alimwambia Mwongera walipofika nyumbani, "unifunge na mimi kamba, niende naye."

Ndipo Mwongera akaenda Makutano kumtafuta Kiunga, aliyesoma naye darasa moja, mpiga picha wa harusi ambaye ukimuuliza saa atakueleza lenzi kwanza. Kiunga alikuja na kamera mbili na lenzi tatu, amefurahi kama yeye ndiye anayeoa.

Walianza na kamera kuukuu. Kioo chake cha ndani kikalia kachaa! na fahali akaruka uzio. Walipomrudisha, Kiunga akatoa ile mpya isiyo na kioo hicho, isiyolia hata chembe, akafunga lenzi ndefu ya milimita mia mbili, akarudi kinyumenyume mpaka ndani ya ngano ya jirani.

Mwongera alipoiona picha hiyo karibu alie. Lenzi ilikuwa imemvuta Basari kutoka kule nyuma, ikambandika juu ya mgongo wa fahali, mkubwa kama lori.

"Hii hubana umbali," Kiunga akaeleza kwa fahari. "Wa nyuma anakuja mbele."

"Mrudishe alikotoka!"

Wakajaribu ya hamsini. "Hii ni mwaminifu. Inaona kama jicho lako," Kiunga akasema. Na kweli: fahali mbavu tupu, Basari kiwele tupu.

"Kiunga, sikukuita uniletee ukweli. Ukweli nimekuwa nao hapa tangu asubuhi."

Basi ikatoka ile pana, ya kumi na sita. Hiyo, kilicho karibu nayo hufura, na kilicho mbali hunywea. Ila lazima uisogeze karibu sana, na upige kutoka chini. Ndiyo maana Kiunga alikuwa topeni sasa, akisali fahali asipige chafya.

Picha ilipotoka, Kiunga, Mwongera na mama waliinamia kioo cha kamera. Fahali alikuwa na kifua kama mlango wa kanisa. Pembe zake zilikwaruza mawingu. Mlima Kenya ulikuwa kichuguu kwapani mwake. Basari, hatua thelathini nyuma, alibaki ndama aliyeachishwa kunyonya jana, na kiwele chote kimemezwa na nyasi.

"Huyu ni ng'ombe au ndovu?" mama akauliza, kisha akacheka mpaka akajifuta macho kwa leso. "Mungu atusamehe."

Mwongera akamtumia Ruguru picha, amwonyeshe baba. Baadaye kidogo akampigia.

"Anaitazama," Ruguru alinong'ona. "Amevaa miwani. Amevua. Sasa ameigeuza simu juu chini."

"Anasemaje?"

"Anacheka peke yake. Na unajua baba si mtu wa kushangazwa na ng'ombe. Amewaona Embu nzima."

"Basi leo ameshangaa," Mwongera akasema, akimkonyeza Kiunga. Akaweka sauti ya simu juu, kila mtu asikie.

Mzee Njura akachukua simu. "Mkwe."

"Naam, baba."

"Nimemwona fahali. Mungu amekubariki. Mnyama kama huyo sijapata kuona."

"Ni wako, baba!"

"Hapana. Nikimchukua huyo, watu wa Runyenjes watasema Njura ni mlafi, amemnyang'anya kijana dume lake. Baki naye, akulimie." Mzee akakohoa kidogo. "Mimi kananitosha kale kandama ka nyuma. Kale ka madoa."

Mama akaishika kamba ya Basari kwa mikono yote miwili.

"Baba," Mwongera akasema, "lakini kale... kale ni kadogo sana."

"Usijali, mwanangu. Kakifika Chuka njiani, katakuwa kameshakua. Na umsalimie huyo mpiga picha wako. Mwambie hiyo kumi na sita ni ya wenye vyumba vya kupangisha, wavipanue pichani. Ng'ombe wa maonyesho ya kilimo, miaka ishirini na mbili, mimi niliwapiga picha kwa lenzi ya hamsini."