Unga Kiganjani

Wakuu wa nyumba tano walikuwa wameshashika njia kwenda kumchagua mkuu wa ukoo, kila mmoja na unga wa mtama kiganjani. Atakayemwagiwa miguuni na wengi ndiye mkuu.

Walipofika, wawili walimmwagia mpwa wa Hussen, wawili wakammwagia tajiri wa korosho. Akabaki Hussen, mkuu wa nyumba ya tano, ambaye tajiri alishamwahidi bati la kuezekea.

“Mwaga, mjomba,” mpwa alisema, keshavua kandambili.

“Vipi, Hussen, unakanda chapati?” mzee mmoja akatania.

Jasho lilikuwa limeugandisha unga. Hussen aliukwangua kwa kucha, dada yake, mama wa mpwa, akimtazama, ukadondoka mabonge mabonge miguuni pa tajiri.

Baadaye tajiri aliuza msitu wa ukoo. Mpwa kahama, anavua samaki huko pwani ya Sudi, na mama yake alimfuata hukohuko. Hussen kaezeka nyumba nzima, na shikamoo anapewa kama kawaida.