Leseni ya Corinne Mae Hutchens

“Usikate simu, binti,” sauti ilisema kabla Darlene Kopecky hajamaliza salamu. “Wenzako wote leo wamenikatia.”

Ilikuwa sauti ya bibi kizee, nayo ilitetemeka. Darlene alikuwa ameshavaa koti lake la baridi tayari kwenda nyumbani. Akakaa tena, na koti lake mwilini.

Kazi yake katika ofisi ile ya serikali, mjini Lincoln, Nebraska, ilikuwa kuwasaidia watu kuwachunguza wataalamu waliopewa leseni katika majimbo mengine: madaktari, wauguzi, mafundi umeme. Kila jimbo lina sajili yake, na mtu akiharibu kwa hawa huhamia kwa wale, kama nyoka aliyejivua gamba.

“Tunamtafuta nani, bibi?”

“Muuguzi. Corinne Mae Hutchens. Ndiye niliyemtegemea anitunze.”

“Uliletewa na wakala wa wauguzi?”

“Hapana. Hakuna wakala.”

Darlene akatikisa kichwa. Wazee na kuamini watu. “Leseni yake ya wapi?”

“Alikuwa Oregon. Baada ya hapo sijui. Tafuta kote, nakuomba.”

Jina lilikuwepo Oregon. Leseni ilisimamishwa: muuguzi aliiba dawa za maumivu wodini, akazitumia mwenyewe. Darlene alisoma polepole, akingoja mshtuko. Hakuusikia.

“Hiyo naijua,” bibi alisema. “Endelea.”

“Unaijua, na bado unamtaka?”

“Endelea, binti.”

Nevada aliomba leseni, wakamnyima. Arizona walimpa, kisha wakamnyang’anya. Sababu ilipotokea kwenye kompyuta, Darlene akaisoma kimoyomoyo mara mbili.

“Nisomee. Usinifiche.”

“Walimkuta chooni hospitalini, bibi. Amezimia, sindano bado iko mkononi.”

Bibi alihema kama mtu anayepanda mlima. “Ikawaje baada ya hapo?”

“Haikuandikwa. Hawa huandika habari za leseni tu.” Darlene aliingiwa na wasiwasi mwingine, akapunguza sauti. “Bibi, huyo mwanamke yuko hapo kwako sasa hivi?”

“Hayupo.”

“Afadhali.”

Bibi akaguna.

“Haya uliyoyasikia yanatosha,” Darlene akasema. “Huhitaji mengine. Mtafute muuguzi wa hapa hapa Nebraska, mimi nitakusaidia.”

“Tafuta jimbo jingine.”

Akatafuta Utah. Hakuna. Colorado, hakuna. Wyoming, hakuna. Kila jina lilipokosekana, alimsikia bibi akinong’ona maombi, maneno yakigongana kwa haraka. Wenzake Darlene walikwisha kuondoka. Alitaka kumwambia kwamba anajitesa bure, kwamba mtu haendi kuhesabu mifupa ya kuku aliyekwisha kuibwa. Lakini sauti ile ilikuwa ya mtu anayening’inia kwenye ukingo wa shimo, na Darlene hakuwa na moyo wa kuuachia mkono wake.

“Jingine moja tu,” bibi alisema. “Halafu nitakuacha uende kwako.”

Akajaribu New Mexico. Jina likatokea.

“Yupo,” Darlene akasema. “Na habari si nzuri. Wamempa leseni tena, kwa masharti. Anapimwa mkojo kila wiki.”

“Lini?”

“Mwaka huu, mwezi wa tatu.”

“Ni yeye hasa? Una hakika? Alifika mwenyewe?”

“Alifika mwenyewe mbele ya bodi ya wauguzi, akala kiapo. Jina ni hilo, tarehe ya kuzaliwa ni ile ile ya Oregon.”

Kitu kikaanguka upande wa pili, kikombe labda, kikavunjika. Kisha kilio, cha chini, kilichokuwa kimezuiwa muda mrefu. Darlene alishika simu kwa mikono miwili. Kwa nini amemwambia mzee wa watu jambo kama hili, akiwa peke yake nyumbani?

“Bibi, nisikilize. Sheria imemruhusu, lakini wewe hulazimiki. Akija kubisha hodi hapo kwako, usimfungulie mlango. Piga simu polisi. Unanisikia?”

“Mwezi wa tatu,” bibi alisema, kama mtu ambaye hakusikia lolote baada ya hapo. “Kwa hiyo mwezi wa tatu mwanangu alikuwa hai.”