Sahihi ya Nane

Diwani wa tano alitia sahihi huku akichokonoa meno, macho yakiwa kwenye televisheni.

"Ya nini hii?" aliuliza, kalamu imeshapita.

"Ya baraza, mheshimiwa," alijibu tarishi.

"Haya, sawa."

Eti sawa! Tarishi aliinama kwa adabu zote, akatoka. Alipofika kwenye korido ndipo akasonya. Miaka ishirini na sita anawabebea watu hawa hati za kisheria, hajaona hata mmoja aliyesoma mstari. Ungewapelekea hati ya kunyongwa wenyewe, wangeuliza tu wasaini wapi. Wapumbavu wenye madereva, ndivyo alivyowaita.

Na alikuwa na mtindo wake. Alizikunja kurasa na kuzibana kwa klipu, pakabaki panaonekana pa kusaini tu. Mheshimiwa akiona maneno mengi hujitia msomi, mara ampigie wakili, na siku ndiyo imekwenda hivyo.

Leo hakuwa na siku ya kupoteza. Nyumba ya baraza aliyokaa na mkewe tangu walipooana ilikuwa na maneno. Majirani wawili walishatolewa vyombo nje. Mkewe hapati usingizi. Asubuhi katibu wa baraza alimkabidhi hati hizi, akamwambia, "Mzee wangu, niletee sahihi za madiwani wote saba kabla ya saa kumi. Ukirudi nazo, suala la nyumba yako tunalimaliza leo leo."

Basi akachapa mguu. Wa sita alimkuta kwa kinyozi, povu kichwani, akasainia gotini. Wa saba, yule mama aliyejigamba kila kikao kwamba hapitwi na nukta, alisainia dirishani mwa gari, injini inanguruma. Tarishi nusura amcheke usoni.

Saa kumi kasorobo alikuwa mbele ya katibu, jasho linamtiririka.

"Na wewe weka yako hapa chini," katibu alisema.

Ya shahidi, kama siku zote. Tarishi aliichora kwa mbwembwe, akaitilia na mkia. Katibu akafungua klipu, akagonga muhuri, akatoa nakala, akaitia kwenye bahasha.

"Hii ya kwako, mzee. Lile suala limekwisha."

Alifika nyumbani anapiga mluzi.

"Mama watoto, tumepona! Nimewazungusha wote saba. Hawasomi wale, nakwambia! Unawawekea karatasi, wanaparua tu kama kuku."

Mkewe alivaa miwani, akafungua bahasha, akasoma kimya ukurasa mmoja baada ya mwingine. Alipofika wa mwisho alitafuta kiti, akakaa.

"Hii ya nane ni yako?"

"Si unaona ilivyo na mkia?"

"'Mimi, mpangaji wa nyumba namba kumi na nne,'" mkewe alisoma, "'nimesoma na kuelewa yote yaliyoandikwa hapo juu, na nakubali kuhama kwa hiari yangu kabla ya Ijumaa.'"